Mgeni wa Njia ya Magogo

Mpaka nywele zake zilipogeuka pamba na miguu ikagoma kupanda mlima, kulikuwa na jambo moja ambalo Nathanaeli Shekiondo hakupata kulitegua. Ni nani aliyekuwa akizipaka mafuta ndimi za ile pointi?

Mengine alielezwa. Nusu aliyaamini, nusu aliyaacha yalale. Lakini mafuta... Yalikuwa mafuta ya nyonyo. Pale stesheni ya Kwembago hapakuwa na tone la nyonyo. Mafuta ya reli ni meusi na mazito, yananuka moshi na chuma. Haya yalikuwa ya njano, laini, mapya, yananukia kama utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Kwembago ilikuwa stesheni ndogo chini ya milima ya Usambara, upande wa kuelekea Mkomazi ukishapita Mombo. Ukisimama pale na kutazama juu, mlima unakukinga nusu ya mbingu. Kwao Nathanaeli kulikuwa nyuma ya ukingo ule, Magamba, kwenye baridi na misonobari. Mkewe Klara alikuwa huko na shamba lao la viazi. Yeye alikuwa huku chini kwenye vumbi na mkonge, akitunza ishara na pointi za reli. Mara moja moja alipata ruhusa, akapanda basi la Mombo hadi Soni, kisha Lushoto, akalala kwake, akarudi. Ndoa yao ilikuwa imezoea kungoja.

Stesheni ilikuwa na watu wawili tu. Yeye, na stesheni masta Hamisi, Mdigo wa Tanga, mtu mfupi mwenye maneno marefu.

Zamani palikuwa na kitongoji karibu na reli, na jioni ulisikia vinu, mbuzi, akina mama wakiitana kwa Kishambaa. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji malori yalikuja asubuhi, na kufikia alasiri kitongoji kizima kilikuwa kimehamia kijiji kipya cha ujamaa, ng'ambo ya mashamba ya mkonge, karibu na barabara kuu. Nathanaeli hakuwa na ugomvi na jambo lile. Alijua huko walikopelekwa kulikuwa na bomba la maji na darasa la mabati. Alijua pia kwamba nyumba walizoacha zilibaki bila milango, maana milango waliibeba, na kila alipopita hapo jioni alihisi anatazamwa na vinywa vilivyo wazi.

Kazi yake aliifanya jua likizama. Alibeba kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, spana, na debe dogo la mafuta ya taa. Alijaza taa za ishara, akakata tambi, akafuta vioo. Alipima nyaya zinazovuta mikono ya ishara, kwa sababu waya hulegea kwa jua na kukaza kwa baridi. Mwisho aliifikia pointi ya njia ya magogo.

Pointi ni pale reli inapogawanyika. Kuna vyuma viwili vilivyochongoka, watu wa reli huviita ndimi, vinavyosogezwa kwa wenzo mzito uliosimama kando. Ukiuvuta wenzo huku, treni inanyoosha. Ukiusukuma kule, treni inakata kona. Na pale, kukata kona maana yake ilikuwa kuingia njia ya magogo, reli fupi iliyojengwa enzi za wakoloni kupakilia mbao zilizoteremshwa kutoka mlimani. Magogo yalikwisha zamani. Njia ilikuwa imefunikwa na nyasi, na mwisho wake ilikatika ghafla kwenye korongo. Wakubwa walisema iachwe ioze. Nathanaeli aliiangalia tu kwa macho, akaona wenzo umelala upande wa salama na kutu imezishika ndimi, akarudi zake.

Jioni moja ya mwezi wa saba ukungu uliteremka kutoka mlimani mpaka kwenye reli. Mara chache hufika chini kiasi kile. Nathanaeli alikuwa amechuchumaa akikaza nati kwenye waya, mgongo wake ukiwa upande wa korongo.

"Shikamoo."

Sauti ya mwanamume. Taratibu, yenye adabu, na kidogo kama ya mtu anayejifunza neno.

Nathanaeli alilelewa na mama ambaye angekupiga kofi kwa kuacha salamu hewani. Mdomo wake ulijibu kabla kichwa hakijafikiri.

"Marahaba."

Akageuka.

Hapakuwa na mtu.

Nyasi za njia ya magogo zilikuwa zimetulia. Ukungu ulikuwa umetulia. Hata vyura walikuwa kimya... Ndipo akaisikia ile harufu. Tamu, nzito, ya nyumbani. Harufu ya nyonyo.

Akakusanya vyombo vyake. Hakukimbia, maana mtu mzima hakimbii. Lakini hakuwahi kutembea upesi vile.

Alipomsimulia, Hamisi alicheka mpaka akaikumbatia simu ya mezani.

"Nyie Wasambaa! Mkiona ukungu, mzimu. Mkiona jiwe, mzimu. Mnaishije huko juu kwenye ukungu mwaka mzima?"

"Na nyie Wadigo mkiona paka mnasema jini," alisema Nathanaeli.

"Paka ni jini. Hilo halina ubishi. Kaa unywe chai, Mzee Natha. Wewe upweke unakusumbua. Mlete shemeji akae nawe, utaona sauti zote zinakuwa za kike na zinadai sukari."

Wakacheka wote wawili. Chai ilikuwa ya moto, na chumba kilikuwa na taa. Vitu vidogo kama hivyo humrudishia mtu akili.

Kesho yake jioni wenzo wa njia ya magogo ulikuwa umelala upande mwingine.

Nathanaeli alisimama akautazama. Ndimi zilizokuwa zimekamatwa na kutu zilikuwa zinang'aa. Zilikuwa zimesogea vizuri kabisa, zimebana reli kama zilivyofundishwa kubana. Aligusa kwa kidole. Mafuta. Akanusa. Yalikuwa ya nyonyo.

Treni ya abiria kutoka Tanga kwenda Moshi hupita wakati wa magharibi. Haisimami Kwembago ila kukiwa na abiria, na siku nyingi hawapo. Inapita kwa mwendo wake, mabehewa yamejaa watu, watoto wamelala kwenye mapaja, vikapu vya machungwa chini ya viti. Ikiikuta pointi ile imefunguka itakata kona. Kisha nyasi. Kisha korongo.

Alivuta wenzo kwa nguvu zote. Ulirudi kirahisi, bila kelele, kama mlango wa nyumba inayotunzwa.

Safari hii Hamisi hakucheka. Alizima redio.

"Mzee Natha. Nikuulize kama ndugu. Si wewe?"

"Si mimi."

"Usiniudhikie. Kuna watu wakikaa peke yao muda mrefu, mikono inafanya kitu, kichwa hakina habari."

"Hamisi, mimi nikitaka kuua watu nitaanza na wewe na hizo hadithi zako."

"Haya. Basi ni mhuni. Na mhuni dawa yake ni kufuli."

Wakaenda wote wawili na mnyororo wa kufungia mabehewa ya mizigo, wakauzungusha kwenye wenzo, wakapiga kufuli. Ufunguo aliubeba Hamisi mwenyewe, kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo.

Jioni iliyofuata mnyororo ulikuwa umekunjwa na kuwekwa juu ya taruma, ule mti unaobeba reli, pingili kwa pingili, kama kitambaa cha mtu msafi. Kufuli lilikuwa juu yake. Limefungwa.

Wenzo ulikuwa upande wa korongo.

Hamisi alipiga simu Korogwe. Alirudi akiwa amenyong'onyea. Walimjibu kwamba gengi la mafundi wa njia litakuja kuing'oa pointi hiyo likipata nafasi, na kwamba mpaka siku hiyo mtu asiguse wala asiharibu mali ya reli bila kibali. Siku zile neno hujuma lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Mtu angeweza kulala mfanyakazi, akaamka adui wa taifa.

Kwa hiyo wakawa wanailinda. Kila magharibi, kabla treni haijapita, Nathanaeli alikwenda kuketi karibu na wenzo, mkono juu ya chuma, mpaka taa nyekundu ya behewa la mwisho iishie gizani. Na kila alipoketi hakikutokea kitu. Harufu tu. Na mara nyingine, nyuma yake, kama mtu anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine... mtu aliyesimama muda mrefu akisubiri.

Aliona aibu kulikiri, lakini siku ya tatu au ya nne alianza kuhisi kwamba hayuko peke yake, na hisia hiyo haikuwa mbaya yote.

Jumapili, baada ya ibada, alikatiza mashamba ya mkonge kwa miguu hadi kijiji kipya. Alimtafuta Bi Zainabu, bibi aliyekuwa mkubwa kuliko wote kitongojini, aliyemjua tangu enzi za vinu na mbuzi. Alimkuta ameketi nje ya nyumba iliyopangwa mstari mmoja na nyumba nyingine zinazofanana nayo, akipembua unga wa njano wa msaada, ule watu waliouita yanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kututazama tulivyopangwa kama viazi sokoni?" Akacheka kwa meno mawili. "Keti. Wa Magamba hawajambo?"

"Hawajambo, bibi."

Alimweleza. Alipofika kwenye salamu, mikono ya bibi iliacha kupembua.

"Na wewe ukaitikia?"

"Niliitikia. Ningeachaje shikamoo ya mtu?"

"Ah, mwanangu..." Alitikisa kichwa. "Mimi nisingeacha pia."

Akasimulia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kinachopotea na kurudi kupitia Kishambaa. Alipoolewa kitongojini, magogo yalikuwa bado yanashuka. Walikuja vibarua kutoka mbali, na kati yao alikuwapo kijana mmoja ambaye hakuna aliyeijua lugha yake. Wenzake wa kwao walikuwa wamekufa au wamekimbia. Walimwita Mgeni. Kiswahili alikijua neno moja tu, shikamoo. Aliwaamkia wazee, aliwaamkia wasichana, aliwaamkia watoto wadogo, na watoto wakaanguka kwa kicheko. Yeye alicheka nao. Mkataba wake ulipokwisha alifunga kifurushi chake, akawa kila jioni anakwenda kusimama njia ya magogo kungoja gari la kumrudisha kwao. Siku moja, wakati wa kushusha mzigo, gogo lilitoka kwenye minyororo.

"Tulimzika palepale. Hatukujua kama ni Mwislamu au Mkristo au nani. Hatukujua tumlaze ameelekea wapi. Mume wangu akasema, mlazeni aelekee reli."

"Mlimpaka nyonyo, bibi?"

Bi Zainabu alimtazama.

"Nyonyo gani? Hatukumpaka kitu. Alikuwa hagusiki."

Upepo ulipeperusha unga kidogo kutoka kwenye ungo.

"Mwaka ule alipozikwa," aliendelea, "gari moja la magogo lilitoka lenyewe na kuvunja nyumba ya mtu. Wazee wakasema huyu hana wa kumkumbuka, basi atakumbukwa na kila mtu. Ndiyo desturi yetu ikawa hiyo. Mwenye kupika jioni, nyumba yoyote, tonge la kwanza analitupa upande wa njia ya magogo. Hata mwaka wa njaa. Hata mwali aliyeolewa jana. Nami nililitupa miaka yote hiyo. Mpaka siku ya malori."

"Hamkuwaambia watu wa Operesheni?"

"Nilimwambia mmoja, kijana mzuri tu, ana kalamu mfukoni. Akaniambia, bibi, huko tuendako hatubebi ushirikina. Sikumlaumu. Alikuwa na malori matatu na watu wa vitongoji vitano. Wangu niliwabeba, nilichota udongo wa makaburi yao kwenye kibuyu, kile pale ndani. Yeye ningempeleka wapi? Si wangu." Akautikisa ungo. "Nasi tulikuwa wengi, mwanangu, hakuna aliyekuwa wake. Sasa umeitikia wewe. Ukishasema marahaba umemkubali. Wewe ndiye mtu wake."

Jioni hiyo Nathanaeli alisonga ugali, akakata tonge la kwanza, akatoka nje na kulitupa kuelekea njia ya magogo. Alijiona mjinga. Alikuwa mzee wa kanisa huko kwao. Akasimama kidogo gizani, akamwomba Mungu amsamehe kama ni kosa, na kama si kosa amsaidie.

Wenzo haukusogea kesho yake. Wala kesho kutwa. Hamisi akarudia mizaha yake. "Kumbe mhuni alikuwa na njaa tu! Mpe na mchuzi basi, asije akatuandama kwa ugali mkavu."

Wiki ikapita. Ndipo wakafanya kosa ambalo mtu yeyote mwenye kazi nyingi angelifanya. Waya wa ishara ya mbali ulikatika, upande wa Mombo. Nathanaeli alikwenda kuuunga, kazi ikamkalia, na jua likazama akiwa bado huko. Hakukuwa na aliyepika Kwembago jioni ile. Hamisi alikuwa amefunga, na futari yake ilikuwa tende na maji.

Ukungu ulishuka tena.

Nathanaeli alikuwa anarudi kando ya reli, taa ya mkono ikining'inia, aliposikia chuma kikiimba. Reli huimba kabla hujaiona treni, mlio mwembamba unaotoka mbali. Treni ya Tanga ilikuwa njiani. Hamisi alikuwa ameishusha ishara, njia ni nyeupe, dereva hana sababu ya kupunguza mwendo.

Akafika kwenye pointi.

Ndimi zilikuwa zimefunguka upande wa korongo.

Alitupa vyombo, akaushika wenzo, akavuta. Haukwenda. Akaweka mguu kwenye taruma, akavuta tena mpaka mgongo ukalia. Wenzo ulisogea upana wa kidole... kisha ukarudi. Ukarudi taratibu, bila hasira, kama unavyovutana kamba na mtu mwenye nguvu kukuzidi ambaye hataki kukuumiza.

Mikono yake ilikuwa inateleza. Wenzo mzima ulikuwa umepakwa nyonyo.

Taa. Asimamishe treni kwa taa nyekundu. Akaiokota, ilikuwa imezimika ilipoanguka. Akatoa kiberiti. Njiti ya kwanza ilimponyoka kwenye vidole vya mafuta. Ya pili ililowa. Ya tatu ikakatika kichwa.

Mwanga wa injini ulichomoza kwenye ukungu, mkubwa, wa njano, kule mkonge unapoishia.

"Mwanangu," alisema Nathanaeli. Sauti yake hakuitambua. "Mwanangu, achia. Mle mna watoto."

Wenzo haukusogea.

"Hili si gari lako. Achia..."

Aliona kwamba anaongea na mtu asiyesikia Kiswahili. Akajaribu Kishambaa. Akajaribu jina la Yesu. Reli ilikuwa inatetemeka sasa chini ya miguu yake. Na harufu ilikuwa karibu mno, pale usoni, kama mtu aliyeinama kumtazama vizuri.

Ndipo akakumbuka kwamba huyu mtu alikuwa na neno moja tu.

Nathanaeli Shekiondo alikuwa na miaka hamsini na kitu. Aliye mbele yake, kama alikuwapo, alikufa akiwa kijana. Tangu azaliwe hakuwahi kumpa shikamoo mtu aliye mdogo kwake. Aliachia mkono mmoja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alinong'ona.



Wenzo ukalegea.

Ulilegea ghafla hata akaanguka nao, ndimi zikabamiza upande wa salama, na palepale injini ikapita juu ya pointi, upepo wake ukamrusha kwenye nyasi. Mabehewa yakafuata. Madirisha yenye mwanga. Mwanamke akimenya chungwa. Mtoto amebandika pua kwenye kioo. Askari amelala mdomo wazi. Wote wakapita, hawajui kitu, wakaingia gizani wakielekea Moshi.

Hamisi alimkuta palepale, ameketi chini. Alikuwa ameona kutoka stesheni: alimwona Nathanaeli kwenye mwanga wa injini, akivutana na wenzo. Na alisema baadaye, mara moja tu, kwamba mikono iliyokuwa juu ya wenzo haikuwa ya mtu mmoja tu.

Kesho yake alfajiri Hamisi mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa baiskeli kumchukua Bi Zainabu, akamleta amekaa nyuma upande upande, ameshika kibuyu chake. Wakaketi watatu chini ya ukingo wa paa la stesheni. Hapakuwa na mzaha.

"Mimi nasema pointi ile tuipigilie," alisema Hamisi. "Kabari ya mti mgumu katikati ya ulimi na reli, kisha misumari ya mataruma mpaka kwenye roho. Korogwe wakitaka kunifukuza, wanifukuze. Jana kulikuwa na watu mia na zaidi mle ndani."

"Na yeye?" aliuliza Nathanaeli.

"Yeye nani?"

"Unamjua."

Hamisi akatazama pembeni.

"Anataka kwenda kwao," alisema Nathanaeli. "Hana ubaya. Amengoja gari tangu mimi sijaoa. Tuingize kiberenge mle jioni, kile cha kusukuma kwa mkono, apande, tumtoe..."

"Umpeleke wapi?" aliuliza Bi Zainabu.

Nathanaeli aliitazama reli, upande wa Moshi, kisha upande wa Tanga.

"Sema, mwanangu. Moshi? Kigoma? Mimi nilimwona kwa macho yangu, nami sijui kwao ni wapi. Utamshusha stesheni gani? Utamwacha kwa nani? Huku angalau tunajua alipolala."

Nathanaeli alijitazama mikono yake. Alikuwa ameisugua kwa sabuni na majivu, bado inanukia.

"Kwa hiyo tumfungie mlango."

"Njia tunaifunga," alisema bibi. "Waliomo garini wana wanaowangoja. Tonge utamtupia maadamu upo, na ukihamishwa utamwambia atakayekuja baada yako. Lakini njia ifungwe leo, kabla jua halijazama."

Ikaamuliwa hivyo. Hamisi alichonga kabari mwenyewe, akatafuta misumari minene kwenye ghala. Alasiri wakaenda wote watatu. Pointi ilikuwa ni kazi ya Nathanaeli, na nyundo ilikuwa yake. Aliingiza kabari. Akasimamisha msumari wa kwanza juu ya taruma, akainua nyundo.

Ikabaki juu.

Hakulia. Alisimama tu, mkono umeinuliwa, anatazama nyasi za njia ya magogo, ambazo zilikuwa zimelala chini katika mstari mmoja mwembamba kutoka korongoni hadi pale alipo. Hakukuwa na upepo.

"Mzee Natha," alisema Hamisi.

"Nipe dakika."

"Hapana. Lete." Hamisi alimfungua vidole kwenye mpini, kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa wa majivu na jasho lilikuwa linamtiririka, lakini sauti yake ilikuwa ya upole ambao Nathanaeli hakuwahi kuusikia kwake. "Wewe umesalimiana naye. Mtu hamfungii mlango mtu waliyesalimiana naye. Mimi sijamwamkia, sijamwitikia, simjui. Nenda ukamshike bibi mkono, mtazame mlimani nyote wawili."

Wakatazama mlimani. Nyuma yao nyundo ikaanza.

Msumari wa kwanza uliingia. Wa pili uliingia. Kwenye wa tatu reli ilianza kuimba, mlio mwembamba ule wa kutoka mbali, ingawa treni ya Tanga ilikuwa haijafika hata Korogwe, na mlio haukutoka upande wa Korogwe, ulitoka upande wa korongo. Bi Zainabu alimbana Nathanaeli mkono. Nyundo ilisita. Wakamsikia Hamisi akivuta pumzi, akisoma kitu chini chini kwa Kiarabu, akikosea, akianza upya.

Kisha akapiga. Akapiga tena. Akaendelea kupiga hata baada ya kichwa cha msumari kuzama ndani ya mti.